Firigisi ya Kawangware

Jumapili iliyopita jirani wa ghorofa ya juu alitoa jiko kwenye veranda akababua kuku, na msimamizi wa jengo akapanda ngazi mbio kumwambia kwamba hapa si ushago, si kijijini. Walibishana kwa muda. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe cha chai iliyopoa, nikivuta ile harufu ya vinyweleo vya kuku vikiungua, na sikuwa upande wa yeyote kati yao. Nilikuwa nimeshafika kwingine. Nilikuwa Kianda, Kibera, mlangoni mwa chumba chetu, asubuhi ya siku iliyofuata Krismasi, na mama alikuwa amemshika jogoo miguu akimgeuzageuza juu ya moto huku akiukwepesha uso moshi.

Watu wa rika langu wakikumbuka Krismasi ya utotoni hukumbuka siku yenyewe: nguo mpya, kanisa, chapati mpaka tumbo linauma. Mimi nakumbuka siku iliyofuata. Kwetu kuku hakuchinjwa Krismasi, kwa sababu baba hakuwepo. Alikuwa soja, yaani mlinzi, wa ploti moja ya vyumba vya kupangisha kule Kawangware, akilala kwenye kibanda cha mabati kando ya geti, na Krismasi ndiyo iliyokuwa siku yake ya kazi kubwa. Wapangaji wote walikuwa wamekwenda ushago wakaacha vyumba na kufuli tu. Na katika nyumba ya Waluhya kuku hachinjwi ovyo baba akiwa mbali, kwa kuwa ndani ya kuku mna firigisi, kile kinyama kigumu ambacho kuku husagia chakula chake, na firigisi ina mwenyewe.

Niliuliza kwa nini. Niliuliza kila kitu kwa nini, na tabia hiyo haijaniisha. Imenigharimu marafiki kadhaa na mchumba mmoja. Mama alikuwa na jibu fupi.

“Mwanamke akila firigisi anamea ndevu.”

“Na yule mama anayeuza mandazi pale chini, ana ndevu. Alikula?”

“Beba chumvi twende.”

Baba alinijibu kwa heshima zaidi. “Kukhu,” aliniambia. Ndivyo alivyoniita, yaani nyanya, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. “Firigisi ni ya mwenye boma. Ukifika mahali ukataka kujua boma ni la nani, angalia nani anakula firigisi.”

Hakujua anamwambia nani. Mimi nilikwenda na kauli hiyo nikaifanyia hesabu. Nyumbani kwetu Kibera baba alikuja siku moja kwa wiki, siku yake ya kupumzika, tukala mboga ya sukuma na dagaa wa omena, vitu visivyo na firigisi. Firigisi zote nilizowahi kumwona akila, alizila Kawangware, ndani ya lile geti, siku ya pili ya Krismasi. Basi boma lake lilikuwa lile. Tena funguo si alikuwa nazo yeye? Zilining'inia kiunoni mwake kwenye pete ya waya. Miaka mingi baadaye, chuoni, mhadhiri mmoja alitueleza kwamba hoja inaweza kunyooka kabisa na bado ikufikishe kwenye uongo, na wenzangu wakaandika haraka haraka. Mimi sikuandika. Nilikuwa nimeshafika huko nikiwa na gauni la Krismasi.

Lilibaki swali moja: ikiwa ploti ni yetu, mbona tunakaa Kibera? Hilo nilijijibu mwenyewe. Vyumba vilikuwa vimejaa. Tulikuwa tunangoja mtu mmoja ahame, halafu tuhamie kwa baba, tukae naye kila siku kama watoto wengine. Sikumwambia mtu. Nilidhani wanajua.

Mwaka huo ninaoukumbuka, tulitoka Kianda jua likiwa bado dogo. Mama alijitwika sufuria iliyofungwa kwa leso, kuku akiwa ameshachemshwa nusu. Kaka yangu Wafula alibeba unga na chupa ya soda. Mimi nilibeba chumvi, kwa sababu sikuaminiwa kubeba kitu kingine. Kibera ilikuwa imenyamaza. Redio zilikuwa zimekwenda ushago na wenyewe, na kwenye vichochoro mbwa walilala katikati ya njia bila kuogopa mguu wa mtu. Tulipanda hadi mtaa wa Olympic, tukapita nyumba kubwa zenye ua wa michongoma, tukavuka Barabara ya Ngong iliyokuwa tupu kana kwamba imefagiwa, tukashika njia ya Kawangware. Wafula alinitania njia nzima kwamba chumvi inapungua.

Baba alifungua mlango mdogo wa geti kabla hatujabisha. Alikuwa na lile koti lake kubwa na gambuti za mpira, na alinukia moshi na sabuni ya kufulia.

“Kukhu! Nani huyu amekuja na chumvi yote ya Kenya?”

Nataka kusema ploti ile ilikuwaje, kwa kuwa haipo tena, pamejengwa ghorofa. Vyumba vilitazamana safu mbili, mabati juu, na katikati palikuwa na ujia wa saruji na mfereji mmoja wa maji ya bomba mwisho wake. Siku nyingine, nadhani, palikuwa kama kwetu: foleni, makelele, beseni za watu. Siku ile hapakuwa na mtu. Mama alifungua mfereji akauacha utiririke, yeye ambaye kule Kibera alinunua maji kwa mtungi na kutukemea kwa kila tone. Alituogesha hadharani, akanifunga leso, akafua gauni langu na shati la Wafula, akavianika kwenye kamba tupu: nguo moja huku, nyingine mbali kule, kama mtu anayejinyoosha kwenye kitanda asicholala na mwingine. Halafu akakaa kwenye saruji yenye joto, akanyoosha miguu, akafumba macho. Sikuwa nimewahi kumwona mama amefumba macho mchana.

Mimi nilikuwa nikibisha milango. Baba aliinama jikoni akimalizia kuku, na kila mlango niliobisha alinijibu kwa sauti ya mwenyewe.

“Hodi kwa fundi wa nguo!”

“Kho, kho, suruali bado! Njoo kesho!”

“Hodi kwa mwalimu!”

“Kazi ya nyumbani iko wapi? Simama kwa mguu mmoja!”

Nikasimama kwa mguu mmoja. Wafula, aliyejiona mkubwa mno kwa michezo hiyo, alikaa pembeni akitupa mawe, lakini baada ya muda naye alibisha mlango mmoja kwa kiwiko, kama kwa bahati mbaya, ili asikie atajibiwa nini.

Mlango wa mwisho, karibu na mfereji, haukuwa na kufuli. Nilisukuma ukafunguka. Ndani palikuwa patupu, pamepakwa rangi ya samawati hadi nusu ya ukuta, na mwanga wa jua ulikuwa umelala sakafuni.

“Baba! Hapa nani anakaa?”

Alikuja akasimama nyuma yangu, mwiko mkononi. “Hakuna. Alihama.”

“Amehama kabisa?”

“Kabisa.”

Niliingia mpaka katikati ya chumba. “Kwa hivyo tunahamia lini?”

Nimeipitia dakika hiyo mara nyingi kama wakili anayepekua maneno ya shahidi, na naweza kuapa kwamba baba hakusema uongo. Hakusema ndiyo. Alimtazama mama, ambaye alikuwa amesogea akasimama mlangoni, kisha akaniuliza, “Wewe unaona kitanda kikae wapi?”

Niliwaonyesha. Kitanda pale, mbali na dirisha. Jiko hapa. Wafula alale karibu na mlango, mbu waanze na yeye.

“Na kabati?” mama akauliza.

Mama hakuwa mtu wa michezo. Nadhani ndiyo maana niliamini kabisa. Nilimshika mkono nikamwonyesha pa kabati, na yeye akapima ukuta kwa shubiri, polepole, akasema inatosha, hata itabaki nafasi ya kiti. Baba alicheka. Kuku akaanza kushika chini, wakakimbilia jikoni wote wawili wakigongana.

Tulikula ujiani, sahani kwenye saruji, baba juu ya kigoda chake. Mama alipakua kwa utaratibu wake wa kawaida: paja la Wafula, bawa langu, shingo na mgongo vyake yeye, na juu ya ugali wa baba, peke yake, inang'aa kwa mafuta, firigisi. Baba alizoea kuiacha mwisho. Alikuwa ameanza kumega ugali wakati geti lilipobishwa.

Nilikuwa mwepesi kuliko wote. Nilifungua mlango mdogo nikakuta mama mmoja mnene, mzee kidogo, kofia ya sufu kichwani na mkoba begani.

“Haiya,” alisema. “Na wewe ni wa nani?”

“Karibu,” nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye kwake. “Kama unatafuta nyumba, zimejaa. Ya mwisho tunahamia sisi.”

“Nyinyi?”

“Ploti ni ya baba yangu.”

“Yote?”

“Yote.”

“Na baba yako ni nani?”

“Ndiye yule anakula.”

Nyuma yangu kigoda kilianguka. Baba alikuwa amesimama, ugali bado mkononi. Mama alikuwa anavuta nguo kutoka kwenye kamba, mbichi hivyo hivyo, akizikunja kifuani. Mgeni alipita akaingia taratibu. Aliangalia saruji iliyolowa, mfereji, mlango wa mwisho uliokuwa wazi, kisha akaangalia baba.

“Baba Wafula. Nimeenda kanisa kidogo tu, umeniuzia ploti?”

Baba alicheka. Sikukijua kicheko kile. Kilikuwa chembamba, cha mtoto wa shule aliyeitwa mbele.

“Ni watoto, Mama Njeri. Wamekuja kunisalimia, wanarudi saa hii. Huyu mdogo anaongea tu. Karibu chakula.”

Hilo la mwisho angelisema kwa yeyote. Huwezi kukutwa unakula usikaribishe. Lakini hapakuwa na sahani nyingine. Alikiinua kigoda, akakifuta kwa mkono wa koti lake, akamwekea. Kisha akachukua sahani yake mwenyewe, akampa.

Mama Njeri alikaa. Alinawa mikono, mama akimmiminia maji. Alikula tonge moja la ugali na mchuzi, na sote tukasimama kama watu wanaopigwa picha. Halafu akaichukua firigisi kwa vidole viwili akaitia mdomoni.

Firigisi si kitu cha kumeza upesi. Hutafunwa. Nilimtazama taya zikienda na kurudi, nikamtazama kidevu, nikingoja. Mama alinivuta leso kwa nyuma.

“Mbona unaniangalia hivyo, mtoto?”

“Hutamea ndevu?”

“Wewe!” mama alisema.

Lakini Mama Njeri alicheka mpaka akapaliwa, akajipiga kifua. “Ngai! Nani amekudanganya? Mimi nakula hii tangu mzee wangu aende. Siku ile tumezika, ndugu zake walianza kusema ploti haina mwenyewe. Nikachinja kuku, nikakula hii nikiwa nimesimama hapo kwa geti, wote wakiniona.” Alilamba kidole. “Ni tamu. Nani ameweka chumvi?”

 Hata Wafula hakunitania.

Leo, kwa yote ninayoyaamini, ningepaswa kumpigia makofi mwanamke yule. Mjane aliyekataa kunyang'anywa. Mwanamke wa kwanza niliyemwona akila alichokatazwa, na kidevu chake kikabaki laini. Nimeandika insha kuhusu wanawake wa namna hiyo na nimepata alama nzuri. Huenda alijua alichokuwa akikila mbele ya wana wa soja wake, huenda alikuwa na njaa tu. Nimeyafikiria yote mawili na sijapata jibu. Lakini kila nikikumbuka, pale pale kabla hajatafuna, bado nataka airudishe kwenye sahani.

Alipomaliza alisimama, akajishika kiuno. “Chumba ya mwisho ufunge. Kuna kijana anaingia mwezi ujao.” Alifika mlango wa geti, akageuka. Hakuwa amekasirika, pengine ingekuwa afadhali. “Baba Wafula, bibi yako anapika vizuri. Lakini geti ni geti. Nisikute hii tena.”

“Sawa, Mama Njeri.”

Hakumfukuza kazi. Baba alimfanyia kazi miaka mingi baadaye, mpaka miguu ikakataa. Sisi ndio hatukuenda tena. Krismasi zilizofuata jogoo alifungwa mguu chini ya kitanda akingoja siku ya baba ya kupumzika, na tulikula Kibera, na majirani wakiwa wamesharudi na redio zao. Alikula firigisi yake pale kwetu, mbele yangu, kila mwaka, mpaka tulipomzika, na sikuwahi tena kumwuliza ina maana gani.

Siku ile, mlango ulipofungwa, nililia. Sikulilia firigisi.

“Si ulisema nichague pa kitanda?”

“Baba ni soja, wewe,” Wafula alisema. “Soja! Umeona landlodi mwenye gambuti?”

“Wafula!” mama alimkatiza.

 Baba alikwenda akafunga chumba cha mwisho kwa kufuli, akarudi, akakaa chini kwenye saruji nasi. Mama alimpa shingo yake. Aliila yote, akavunja mifupa akafyonza, kisha akasema jua linashuka, tujitayarishe.

Kwa kawaida aliishia getini. Soja hawezi kuacha geti. Alikuwa akiegemea mlango mdogo akitupungia mpaka tukate kona. Siku hiyo alitoka nje nasi, akafunga mlango nyuma yake, akatia funguo mfukoni.

“Unaenda wapi?” mama aliuliza.

“Nawasindikiza.”

“Baba Wafula. Amesema nini sasa hivi?”

“Wageni husindikizwa. Mpaka pale tu kwa kinyozi.”

Alinibeba mabegani. Alitembea pole pole, mkono mmoja ukinishika mguu, mwingine nyuma mgongoni, akisalimia watu waliokaa vibarazani. “Hamjambo! Krismasi ilikuwa nzuri? Hawa ni wangu, nawapeleka kidogo.” Tulifika kwa kinyozi. Mama akasimama. Baba akapita.

“Rudi sasa.”

“Bado kidogo. Mpaka pale kwenye mti.”

Penye mti akasema mpaka pale penye duka la kijani. Dukani akanunua pipi mbili, akasema mpaka pale barabara inapoinama. Kila “pale” ilitusogeza kwetu, na mimi juu ya mabega nilianza hesabu nyingine: labda tukiendelea hivi, pale kwa pale, atafika nasi Kianda bila yeye mwenyewe kujua, na mlango wetu uwe umeshafungwa, na awe amechelewa kurudi. Nilinyamaza kabisa nisimkumbushe. Hata mama aliacha kumwambia arudi. Alitembea kando yake, sufuria tupu kichwani, na nafikiri, ingawa sina ushahidi, kwamba alipunguza mwendo.

Barabara ya Ngong alituvusha. Upande wa pili alinishusha, akanirekebishia kola ya gauni lililokuwa bado bichi, akampiga Wafula kofi dogo la kichwa.

“Nendeni salama. Msigeukegeuke nyuma, mtajikwaa.”

Tulikwenda. Niliweza kuvumilia mpaka kwenye ua wa kwanza wa michongoma, kisha nikageuka. Baba alikuwa ameshavuka. Alikuwa anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona baba akikimbia. Koti lilipepea nyuma, gambuti zilipiga lami, na mkono mmoja alikuwa ameubana mfukoni, juu ya funguo, zisilie.

“Mama,” nikasema. “Baba anakimbia.”

Mama hakugeuka.

“Hakimbii,” alisema. “Tembea.”